Paul Robeson na makaratasi yake: mchezaji aliyefutwa katika orodha

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tunaurudilia sana tunapozungumzia feza na deni. Lakini kuna mali ingine ambayo nayo inapotea vilevile, nayo ni sifa ya mtu na kazi aliyoifanya duniani.

Hapa kwetu, matanga ikiisha, jamaa hukaa pamoja kugawanya vitu vya marehemu. Nguo zinapata mwenyewe, redio inapata mwenyewe, kinga inapata mwenyewe. Kisha mtu anafungua sanduku la bati na kukuta picha za ekipe, karte ya mchezaji, vipande vya gazeti, shati ya mchezo iliyoliwa na mende. Mmoja anauliza: «Ile makaratasi ya papa iko na kazi gani tena?» Jioni ile mama anawasha nayo mbabula. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini kesho yake, mtu akisema papa hakucheza kamwe, tutamjibu na nini?

Ndugu msomaji, swali hilo lilimpata kweli mtu mmoja wa Marekani, mweusi kama sisi, ambaye tena alijifunza lugha hii tunayoandika hapa. Jina lake Paul Robeson. Wengi wanamjua kama mwimbaji mwenye sauti nzito. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuimba alikuwa mwanafunzi mchezaji, na kwamba mchezo wake ulitaka kufutwa kabisa. Tutazame makaratasi yanasema nini juu yake.

1. Mtoto wa mtumwa aliyetoroka

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alitoroka mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka 15, akasoma mpaka akawa mchungaji. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto mwaka wa 1904, Paul akiwa bado mtoto mdogo. Basi alilelewa na baba ambaye hakukubali kazi ya nusunusu, iwe ya masomo, iwe ya mikono.

Mwaka wa 1915 Paul alishinda mtihani wa jimbo lote, akapata bursi ya kuingia Rutgers, katika mji wa New Brunswick. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1766. Kwa muda wote ule, miaka karibu 150, Paul alikuwa mweusi wa tatu tu kupokelewa humo.

Alitaka kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kuangushana. Siku ya kwanza ya mazoezi, wenzake weupe walimpiga mpaka wakamvunja pua na kumtegua bega. Akalala kitandani siku kumi. Aliporudi, mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye misumari, kucha zikang'oka. Hapo hasira ikampanda, akamnyanyua mchezaji mmoja juu ya kichwa ili amtupe chini. Mwalimu wa ekipe, Foster Sanford, akapiga kelele kwamba Robeson ameingia katika ekipe. Habari hiyo aliisimulia Robeson mwenyewe miaka mingi baadaye. Alieleza pia kwamba hakuacha mchezo kwa sababu baba yake alimfundisha kuwa yeye hayuko peke yake uwanjani: nyuma yake kuna watoto weusi wote wanaotamani kusoma na kucheza.

2. Michezo, na pia kalamu

Kuanzia pale hakuna aliyemzuia tena. Katika mpira wa Kimarekani alicheza pembeni mwa mstari, akikaba na kudaka. Katika besiboli alikuwa mdakaji wa nyuma. Alicheza pia basketi, akatupa kisahani na mkuki. Kule Marekani, mchezaji aliyestahili hupewa na chuo herufi ya kitambaa ya kushona kwenye sweta. Rutgers ilitoa herufi R. Robeson alipata zaidi ya kumi, kutoka michezo minne. Mtu akifaulu mchezo mmoja tunamsifu, akifaulu miwili tunashangaa. Huyu alifaulu minne, na masomo hayakulala: aliingizwa Phi Beta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi bora wa nchi nzima, na mwaka wa 1919 ndiye aliyesema hotuba ya mwisho kwa jina la wote waliomaliza.

Katika makaratasi ya chuo kuna insha yake ya mwisho ya masomo. Inahusu badiliko la 14 la Katiba ya Marekani, lile linaloahidi kila raia ulinzi sawa wa sheria. Kijana yule alilifananisha na jitu lililolala. Mwaka wa 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitumia badiliko lilelile kukataza shule za kutenganisha weupe na weusi. Jitu liliamka, miaka 35 baada ya mwanafunzi kuandika.

Kuna pia kitabu cha mwaka cha wanafunzi, chenye picha zao na utani wao. Humo wenzake walibashiri kwamba ifikapo mwaka wa 1940 Robeson atakuwa gavana wa New Jersey. Ni mzaha wa vijana, lakini mzaha ule unaonyesha namna gani walimheshimu, wale waliokuwa wametoka katika nyumba za watu waliomvunja pua.

3. Mechi moja, na barua moja

Makaratasi husema, lakini pia hunyamaza. Mwaka wa 1916 Rutgers ilikuwa katika sherehe ya miaka 150 na ilialika ekipe ya Washington and Lee, chuo cha kusini, jimbo la Virginia. Wageni wakasema hawatacheza na mweusi. Wakubwa wa Rutgers wakakubali, Robeson akabaki nje ya uwanja. Mechi iliisha 13 kwa 13.

Mtu akifungua orodha ya matokeo ataona tarakimu hizo tu: 13 kwa 13. Hataona benchi. Hataona kijana aliyekaa pale akiangalia wenzake. Tungejuaje?

Tunajua, kati ya sababu zingine, kwa kuwa mtu mmoja aliandika. James Dickson Carr alikuwa mweusi wa kwanza kumaliza Rutgers, mwaka wa 1892. Mwaka wa 1919 alimwandikia mkubwa wa chuo, William Demarest, barua ya kulalamika: namna gani chuo kinamwacha mtoto wake mwenyewe kwa kuwafurahisha wageni? Barua hiyo haikutupwa. Imo katika arshivi za chuo kilekile kilicholaumiwa. Hilo nalo tulisifu: si kila ofisi hutunza karatasi inayoisema vibaya.

Mwaka wa 1917 ekipe ya West Virginia ilileta shauri lilelile. Safari hii Sanford alikataa. Robeson alicheza, na mechi ikaisha 7 kwa 7. Tarakimu mbili za sare, mwaka kwa mwaka. Ukisoma tarakimu peke yake, mechi hizo mbili zinafanana. Ukisoma na habari yake, ni vitu viwili mbali kabisa.

4. Kumi na mmoja, wakabaki kumi

Wakati ule Walter Camp alikuwa akichagua kila mwaka wachezaji 11 bora wa vyuo vyote vya Marekani. Kuingia katika orodha yake ilikuwa sawa vile kuvikwa taji. Mwaka wa 1918 alimweka Robeson humo.

Miaka ikapita. Robeson alisoma sheria chuoni Columbia, akamaliza mwaka wa 1923, akicheza mpira wa kulipwa huku akisoma. Kisha akaacha sheria, akawa mwigizaji na mwimbaji wa dunia nzima. Alisema waziwazi juu ya haki za weusi, juu ya wafanyakazi, juu ya makoloni ya Afrika. Tangu mwaka wa 1937 alikuwa kati ya waanzilishi wa Baraza la Mambo ya Afrika kule New York. Alisifu pia Urusi ya Kisovieti, na katika hilo hata rafiki zake wengi hawakukubaliana naye. Mwaka wa 1949 maneno aliyotajwa kusema Paris yaliwasha hasira nyumbani. Mwaka wa 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Alikaa miaka minane bila ruhusa ya kusafiri ng'ambo, mpaka Mahakama Kuu ilipokata neno mwaka wa 1958, katika kesi ya watu wengine, kwamba wizara haina uwezo wa kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya mawazo yake.

Ni katika kipindi hicho jina lake lilipoondolewa katika orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918. Hebu tuhesabu. Ekipe ya mpira wa Kimarekani ni watu 11. Ukimtoa Robeson katika orodha ya Camp ya 1918, wanabaki kumi. Ni ekipe gani hiyo ya watu kumi? Mwenye kufuta alifuta jina, lakini nafasi haikufutika. Shimo lenyewe likawa shahidi.

Na mashahidi wengine walikuwapo: magazeti ya 1917 na 1918, picha za ekipe ambamo uso mmoja mweusi umesimama kati ya weupe, kitabu cha mwaka. Vilikuwa vimesambaa katika maktaba na nyumba nyingi, na hakuna mkono mmoja ulioweza kuvifikia vyote. Hata FBI, polisi waliomfuata miaka na miaka, waliandika faili nene juu yake. Kumbe hata adui anaweza kukutunzia habari bila kutaka.

Robeson alikufa tarehe 23 Januari 1976, mjini Philadelphia. Mwaka wa 1995, miaka 19 baada ya kifo, ndipo aliingizwa rasmi katika nyumba ya heshima ya wachezaji wa mpira wa vyuo. Mwaka wa 2019, miaka mia moja tangu amalize masomo, Rutgers ilifungua kiwanja chenye jina lake, na habari ya maisha yake imechongwa juu ya mawe meusi. Ni vizuri. Lakini yeye mwenyewe hakuiona hata siku moja.

5. Yanayotuhusu sisi

Katika mwaka wa 1934, akiwa London, Robeson aliingia shule ya lugha za mashariki, akajifunza Kiswahili na lugha zingine za Afrika. Alitaka kujua babu zake walisema namna gani. Mke wake, Eslanda Goode Robeson, alisoma elimu ya mila za watu, akasafiri Afrika, na mwaka wa 1946 alifika hata katika nchi za Kongo. Ni yeye hasa aliyetunza makaratasi ya nyumba: barua, picha, programu za maonyesho, madaftari. Leo sehemu kubwa iko Howard, chuo cha weusi kule Washington, na sehemu ingine iko Berlin. Bila mwanamke yule tungekuwa na sifa tu, bila ushahidi.

Katika mila zetu, ukumbusho unatunzwa na mdomo. Mzee anahesabu ukoo, mama anaimba jina la aliyekwenda. Hatuyaachi hayo. Lakini mdomo unakufa na mwenye mdomo, na vita na kuhamahama vimetunyang'anya wazee wengi kabla hawajamaliza kusema. Kwa hiyo mdomo na karatasi vishikane mikono. Nyumba nyingi hapa zina picha ya kijana aliyesimama na ekipe ya masomo au ya mtaa, nyuma haikuandikwa kitu. Leo tunamjua yule wa katikati. Watoto wa watoto wetu watauliza: huyu ni nani?

Dawa yake si ngumu na haiombi feza nyingi. Chukua kalamu, andika nyuma ya picha majina yote, kutoka kushoto kwenda kuume, na mwaka, na mahali. Andika pia yule asiyeonekana: nani alikaa benchi siku ile, na kwa sababu gani. Toa nakala, moja ibaki kwako, ingine kwa shangazi, ingine kwenye masomo au parokia. Yaliyomwokoa Robeson yalikuwa mahali pengi.

Na matanga ijayo, sanduku la bati likifunguliwa, mtu mmoja katika jamaa asimame aseme: makaratasi haya yasiende kwenye mbabula, nipeni mimi nitayatunza.