Wanagenzi wa Meza ya Baraza

Ukisafiri kutoka Awendo kwenda mji wa Migori, utapita kati ya mashamba ya miwa hata ufike Uriri, penye soko na ofisi za serikali kando ya barabara kuu iendayo Isebania. Nchi hiyo ni Kanyamkago, na wadi zake tano zote zimechukua jina hilo. Katika ofisi za namna hiyo, vyuo vikuu vifungapo, huja vijana wenye kalamu na daftari mpya. Hao ni wanagenzi, yaani wanafunzi wa shahada ya kwanza waliotumwa kujifunza kwa vitendo uongozi wa serikali za mitaa. Yamkini wewe msomaji utakuwa mmoja wao baada ya miaka michache. Basi yafaa ujue desturi hii ilitoka wapi, na jinsi ilivyokaribia kupoteza maana yake.

Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1924. Siku hizo Uriri ilikuwa sehemu ya wilaya ya South Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka boma la Kisii, na mwenyekiti wa baraza alikuwa Bwana DC mwenyewe. Usidhani kwamba wajumbe walikuwa na uhuru mkubwa. Lakini baraza lilitoza ushuru wake, na kwa fedha hizo lilishughulikia barabara, madaraja, zahanati na shule. Palihitajika makarani wa kuandika kumbukumbu za mikutano na kuweka hesabu za fedha, nao walifundishwa wapi? Hapakuwa na chuo kikuu cha kuwapeleka. Hata Makerere haikuanza kutayarisha watu kwa shahada, zile za Chuo Kikuu cha London, mpaka mwaka 1949. Karani alijifunza kwa kukaa karibu na karani mkubwa wake, akinakili barua mpaka mkono ukazoea.

Chuo kilichokaribia haja hiyo kilikuwa Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925 na kupewa jina la Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za watu weusi wa Marekani. Mwanzo kilifundisha walimu wa kuzunguka vijijini. Baadaye kilipokea watu wa kazi nyingine, na hapo ndipo alipojifunza ukaguzi wa afya kijana mmoja ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, katika nchi ambayo leo ni Homa Bay. Kijana huyo ni Tom Mboya.

Alihitimu mwaka 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja, akiwa kazini, aliingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu mle ndani, hali Mboya yupo mbele yake. Aliona pia kwamba wakaguzi Waafrika walilipwa mshahara mdogo mno kuliko wenzao Wazungu kwa kazi ileile. Somo hilo halikuwamo katika vitabu vya Kabete. Mwaka 1953 alikigeuza chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza hilo kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa cha Kenya nzima. Kwa maoni yangu, hakuna mwanagenzi aliyepata kujifunza mengi kuliko yeye kwa muda mfupi hivyo, kwani aliona namna kazi inavyotendwa na pia nani anayedhulumiwa kwayo.

Uhuru ulipokaribia, haja ya maofisa ilizidi. Mwaka 1961 mahali pa Jeanes School pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya. Na mwaka 1963 yakaja mabaraza ya kaunti, likiwamo lile la South Nyanza lenye makao yake Homa Bay. Walioajiriwa humo walikabidhiwa kazi nzito: shule za msingi, afya, barabara.

Kisha, tarehe 1 Januari 1970, kazi hizo tatu zikahamishiwa serikali kuu kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1969. Ni kweli kwamba mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kulipa hata mishahara ya walimu. Lakini fikiri jambo lililofuata. Mabaraza ya kaunti yakabaki na masoko, leseni na ushuru mdogomdogo. Kijana aliyeketi katika ofisi kama hiyo angeweza kujifunza kukata risiti za sokoni. Kupanga zahanati asingeweza, kwa kuwa zahanati haikuwa tena mikononi mwa mkubwa wake. Uanagenzi haudhoofu kwa uvivu wa mwanafunzi peke yake. Hudhoofu pia pale ambapo ofisi yenyewe haina la kuamua.

Hali ilibadilika polepole. Sheria ya mwaka 1998 iliyatengea mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Zahanati, barabara za kaunti, masoko na shule za chekechea zikarudi karibu na watu wa Uriri, chini ya kaunti ya Migori. Vyuo navyo vimesogea: Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti hiyohiyo, kilipata hati yake mwaka 2016. Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Umma ilianza mpango wa kuwapokea wanagenzi waliokwisha kuhitimu.

Bado wako wanaotumwa chai na kupewa faili za kupanga kwa herufi mpaka miezi mitatu yao iishe. Huo ni upotevu, hasa sasa ambapo yapo mengi ya kuonwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla Aprili haijaisha. Katika maandalizi hayo wananchi huitwa wadi kwa wadi watoe maoni. Mwanagenzi aliye katika mkutano wa namna hiyo huandika asikiayo: huyu ataka kivuko kwenye kijito, yule alalamikia zahanati isiyo na dawa, mwingine ataka taa sokoni. Daftari hilo na alitunze. Makadirio yatakapochapishwa, na aketi na kitabu hicho, akitafuta ukurasa kwa ukurasa kile kivuko kilichotajwa. Na asipokiona, amuulize mkubwa wake ni nani aliyekiondoa, na kwa sababu gani.