Saa za kale za meli, Ziwa Victoria upande wa Mara

Saa za kale za meli ni saa zilizotengenezwa kwa kazi ya majini, ambazo wakusanyaji huzitafuta baada ya saa hizo kuondolewa kazini. Mkoani Mara historia yake inatangulia meli zenyewe. Machi 1875 Henry Morton Stanley alianza kulizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akapita Ghuba ya Speke, ambayo wilaya ya Bunda imepakana nayo, kisha akafuata mwambao kuelekea kaskazini. Wapelelezi wa enzi hiyo walipima longitudo kwa kronomita, saa iliyoshika majira ya Greenwich. Jua la Musoma hulitangulia la Greenwich kwa takriban saa mbili na robo, na kila dakika nne ni digrii moja. Saa ikikosea sekunde nne tu, mji unahama kwenye ramani karibu kilomita mbili. Ndiyo maana kronomita ilining'inizwa ndani ya pete za shaba, ibaki imelala sawasawa chombo kikiyumba.

Saa ya ukutani ya meli ina kasha zito la shaba na huendeshwa kwa springi, kwa kuwa pendulamu haihimili mawimbi. Baadhi hugonga kengele za zamu, moja baada ya nusu saa ya kwanza, zikiongezeka hadi nane saa nne zinapotimia. Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni saa ya chumba cha redio. Usoni ina vipande vyekundu vya dakika tatutatu, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, muda ambao waendesha redio walinyamaza ili kusikiliza meli iliyo hatarini.

Saa zenye umbo la usukani nyingi ni mapambo ya sebuleni. Thamani ya saa ya ziwani iko kwenye jina la meli yake. Musoma ilihudumiwa na meli za reli ya Afrika Mashariki, ikiwemo MV Victoria, iliyoundwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 vyombo viligawanywa, na kifaa kilichong'olewa bila maandishi hakina tena ushahidi wa kilikotoka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kama masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hivyo saa za meli hizi hazilindwi moja kwa moja. Ushauri unaweza kuombwa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kasha lisisuguliwe kabla namba na jina la mtengenezaji havijapigwa picha.