Mwavuli wa nje

Mwavuli wa nje ni mwavuli mkubwa unaosimamishwa mahali pamoja, juu ya kitako au ndani ya shimo, ili kuwapatia watu na bidhaa kivuli. Hutofautiana na mwavuli wa mkononi kwa ukubwa na uzito, na kwa sababu haubebwi na mtu wakati wa kutumika. Kwa kawaida upana wake ni kati ya mita 2 na 3, na nguzo yake ina urefu wa mita 2 hadi 2.5.

Nchini Tanzania miavuli ya aina hii hutumika uani, hotelini, kwenye baa na migahawa, na zaidi sana kando ya barabara. Huko mawakala wa pesa za simu, wauza matunda, mama lishe na mafundi viatu hufanya kazi chini yake mchana kutwa. Makala hii inaeleza jinsi ya kutambua mwavuli unaodumu kwa kutumia mfano wa Buswelu, kata ya Wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela.

## Jina

Neno *mwavuli* (pia *mwamvuli*, wingi *miavuli*) lina mzizi mmoja na *kivuli* na *uvuli*. Kwa hiyo jina lenyewe linataja kazi ya kukinga jua, ingawa siku hizi watu wengi wakisikia mwavuli hufikiria mvua kwanza.

## Historia

Mwavuli mkubwa wa kusimamishwa si kitu kigeni Afrika Mashariki. Taarifa ya safari ya Vasco da Gama inaeleza kwamba mfalme wa Malindi, alipokwenda kukutana na Wareno mwezi Aprili 1498, aliketi chini ya mwavuli wa mviringo wa hariri nyekundu uliofungwa kwenye mti. Wakati huo mwavuli ulikuwa alama ya enzi.

Katika karne ya 20 miavuli yenye matangazo ya soda na bia ilienea kwenye baa na migahawa. Mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania, na kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma kama hizo. Tangu hapo mwavuli wenye rangi ya kampuni umekuwa alama ya wakala: mteja huutambua kwa mbali hata kabla ya kusoma maandishi.

## Jua na upepo wa Buswelu

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Kwa hiyo kitambaa cha mwavuli hupigwa na mionzi mikali mwaka mzima, tofauti na nchi za Ulaya ambako miavuli mingi hutumika majira ya joto tu.

Ziwa Viktoria huleta upepo wa kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku huvuma kuelekea ziwani. Upepo huo wa kawaida si tatizo kubwa. Hatari ipo katika dhoruba za vuli na masika, ambapo upepo wa ghafla hutangulia mvua kwa dakika chache.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 hivi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kwa kilo 25 hivi. Mwavuli wenye upana wa mita 2.5 una eneo la karibu mita 5 za mraba. Upepo ukiingia chini yake na kuuinua, nguvu inaweza kufikia kilo 30 katika hali ya kwanza na zaidi ya kilo 120 katika hali ya pili. Hakuna kitako cha kawaida kinachoweza kuzuia nguvu hiyo ya pili. Mwavuli uliong'oka unaweza kumjeruhi mpita njia au kuangukia jiko la mafuta ya moto.

## Sehemu zake

### Kitako

Watu wengi huchagua mwavuli kwa kutazama kitambaa na rangi, lakini uimara wake huanzia chini. Kwa mwavuli wa mita 2.5, kitako cha kilo 30 hadi 40 hutosha kwa upepo mwepesi. Vitako vya plastiki vya kujaza maji mara nyingi havifikii uzito huo, na hupasuka vikipigwa na jua muda mrefu.

Njia ya gharama nafuu ni kumwaga zege ndani ya ndoo, tairi au ringi ya gari na kusimamisha bomba katikati. Uzito hutegemea kilichojazwa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20. Iliyojaa mchanga mkavu ina kilo 32 hivi. Iliyojaa zege ina karibu kilo 48. Tairi au ringi ni bora kuliko ndoo kwa sababu ni pana, na kitako kipana hakipinduki kirahisi.

Mwavuli usiohamishwa unaweza kufukiwa bomba lake ardhini kwa zege, kina cha nusu mita hivi. Katika maeneo ya Mwanza ambako jiwe liko karibu na uso wa ardhi, shimo kama hilo haliwezekani, na kitako kizito ndicho hubaki.

### Nguzo na mbavu

Nguzo huwa ya chuma, alumini au mbao. Chuma ni imara na fundi wa kuchomelea hukirekebisha kwa urahisi, lakini hushika kutu pale rangi inapobanduka. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, kwa hiyo chuma hudumu Mwanza kuliko Dar es Salaam au Zanzibar. Hata hivyo kilichopakwa zinki ni bora. Alumini haili kutu kama chuma, ila ikiwa nyembamba hupinda.

Mbavu ndizo huvunjika kwanza. Mbavu za fibaglasi hupinda upepo ukija na kurudi katika umbo lake. Za chuma chembamba hupinda na kubaki zimepinda. Mbavu 8 ni afadhali kuliko 6, kwa kuwa kila moja hubeba mzigo mdogo zaidi.

### Kitambaa

* Poliesta ni nyepesi, ya bei nafuu na hupokea matangazo vizuri, lakini rangi iliyochapwa juu hupauka.
* Akriliki iliyotiwa rangi kabla uzi haujasokotwa hudumu zaidi. Rangi yake ni kama ya karoti, imefika hadi ndani. Rangi iliyochapwa ni kama ya tikiti, ukikwangua ganda hukuti rangi ile ile.
* Turubai la plastiki halipitishi mvua kabisa, lakini ni zito, hukusanya joto chini yake na hupasuka kwenye mikunjo.
* Turubai la pamba hutoa kivuli kizuri, ila hushika ukungu likikunjwa likiwa bichi.

Tundu la kupitishia upepo kileleni, lililofunikwa na kikofia cha kitambaa, hupunguza nguvu ya kuinua mwavuli na kutoa hewa ya moto.

## Kukagua kabla ya kununua

# Kufungua na kufunga mwavuli mara kadhaa, ili kuona kama kapi au kikaza hukwama.
# Kushika ncha ya ubavu mmoja na kuutikisa polepole. Maungio yanayochezacheza yatalegea zaidi yakianza kutumika.
# Kuelekeza kitambaa kwenye mwanga. Kinachoonyesha vitundu vingi vya mwanga huzuia mionzi kidogo.
# Kuangalia mishono na vifuko vinavyoshika ncha za mbavu. Vifuko vyenye kiraka cha pili hudumu.
# Kuuliza kama mbavu na kitambaa huuzwa peke yake. Mwavuli unaoweza kutengenezwa ni nafuu kuliko unaotupwa, hata kama bei yake ya kwanza ni kubwa.

## Jua na afya

Kivuli cha mwavuli hakizuii mionzi yote. Sehemu yake hutoka angani kwa pembeni, na nyingine huakisiwa na mchanga, ukuta au maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifanyika kando ya ziwa huko Texas, Marekani, ukiwa na watu 81 waliokaa nje saa tatu na nusu. Kati ya waliotumia mwavuli peke yake, asilimia 78 waliungua na jua. Kati ya waliopaka mafuta ya kukinga jua peke yake, asilimia 25 waliungua. Hakuna njia iliyotosha yenyewe.

Jambo hili ni zito zaidi kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina kinga ndogo sana na huweza kupata saratani ya ngozi mapema. Kwa wakala au mfanyabiashara mwenye ualbino, mwavuli huhitaji kuambatana na kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

## Radi

Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi. Mwavuli wa nje si mahali pa kujikinga na radi, na nguzo ndefu iliyosimama mahali pa wazi huongeza hatari. Ngurumo ikisikika, watu huingia ndani ya nyumba au gari.

## Utunzaji

Kufunga mwavuli na kuukaza kwa kamba ndiko kunakorefusha maisha yake kuliko kitu kingine chochote. Hufungwa kazi ikiisha, na mara wingu zito linapotokea, kabla upepo haujafika. Kitambaa huoshwa kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kisha huanikwa hadi kikauke kabla ya kukunjwa. Maungio ya chuma hupakwa grisi kidogo, na mshono uliofumuka hupelekwa kwa fundi cherehani ungali mdogo.