Tiba ya unga na pombe: ulizeni haya kabla ya kulipa

Familia nyingi hapa Pwani huuza kiwanja au kuitisha mchango kabla ya kuuliza kama kuna tiba ya bure. Kwa mtumiaji wa unga, ipo. Methadoni, dawa inayozuia arosto, hutolewa bila malipo katika kliniki za serikali, zikiwemo za Kisauni na Malindi. Lakini haanzii kliniki. Huanzia kwa mashirika kama Reachout au MEWA mjini Mombasa, au Omari Project kule Malindi, asajiliwe na kupewa ushauri, kisha apelekwe. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hivyo gharama kubwa ni nauli ya matatu. Hiyo ndiyo huwashinda wengi, na mchango ungefaa uanzie hapo.

Methadoni haitibu pombe wala bugizi. Huyo msimfungie chumbani: mnywaji wa miaka mingi akiachishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege akafa. Mpelekeni hospitali kwanza.

Kituo cha kulala kikihitajika, ombeni kuona kibali cha NACADA na gharama zote kwa maandishi, dawa na vipimo vikiwemo. Ulizeni kama kinapokea SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Simu ya NACADA, 1192, ni ya bure.

Akisharudi nyumbani, mwili wake hauhimili tena unga kama zamani. Kipimo alichokizoea kinaweza kumuua, kwa hivyo wiki za mwanzo asiachwe peke yake.