Ardhi Ilivyopata Bei Arua na Koboko

Kwa muda mrefu ardhi ya Nile Magharibi, pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, haikuwa na bei. Watu waliijua thamani yake vizuri, kwani waliilima, waliichungia mifugo na kuwazika wazee wao humo. Lakini kwa Walugbara wa Arua na Wakakwa wa Koboko, shamba lilimfikia mtu kwa njia ya ukoo. Mwana alipewa na baba, na baba alikuwa amepokea kwa wazee waliomtangulia. Hata mgeni hakufukuzwa. Mtu aliyegombana na nduguze aliweza kukimbilia kwa wajomba au kwa wakwe, akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima, ila hakuwa na ruhusa ya kupakabidhi kwa mtu wa tatu. Akihama, ardhi ilirudi kwa wenyewe.

Eneo hili liliingia Uganda likiwa limechelewa. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi iliyoitwa Lado, naye akaishikilia hadi alipokufa mwaka 1909. Lado ikawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, ndiyo Nile Magharibi, ikahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo Arua ikaanzishwa kuwa makao ya wilaya. Kufikia hapo ufalme wa Buganda ulikuwa na miaka 14 ya mkataba wa 1900, uliowagawia machifu na wakuu ardhi ya mailo yenye hati, ardhi ambayo mtu angeweza kuiuza. Nje ya Buganda, sheria ya mwaka 1903 ilihesabu sehemu kubwa ya nchi kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mlugbara alilima shamba la babu yake bila karatasi yoyote mkononi.

Kwa nini basi soko la ardhi halikuota mizizi huku? Wapo wanaosema mila ilikataza. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi, kwa sababu hata Buganda koo zilikuwa na ardhi zake za jadi kabla ya 1900, na bado sheria ilipogawa hati, uuzaji ulienea katika kizazi kimoja. Maelezo ya pili yanaitazama serikali ya kikoloni, nayo naona yana uzito zaidi. Nile Magharibi ilitumiwa kuwa ghala la vibarua. Vijana wake walikwenda kulima pamba katika mashamba ya Buganda na kukata miwa Kakira na Lugazi. Tumbaku ilikuja baadaye ikawapa watu fedha kidogo wakiwa kwao, lakini serikali haikuwa na haja ya kuwafanya wenye hati watu iliowahitaji kama wafanyakazi.

Pale mjini palikuwa na utaratibu mwingine. Viwanja vya biashara vilipimwa na kukodishwa kwa miaka maalumu, na waliovichukua kwa wingi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan, wakaishi kandokando ya mji. Kwa hiyo Arua ikawa na ardhi ya aina mbili zilizogusana. Ndani ya mipaka ya mji kulikuwa na kiwanja chenye namba na kodi, na hatua chache nje yake kulikuwa na shamba la ukoo ambalo mpaka wake ulikuwa mti, kijito au kaburi.

Mwaka 1972 Idi Amin, rais wa wakati huo, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Maduka yao yalichukuliwa na kugawiwa, na bodi ikaundwa kusimamia mali zilizoachwa. Hivyo majengo mengi ya maduka yalibadilisha mikono bila mauziano yoyote, jambo lililoacha maswali kwa miaka mingi. Sheria ya kuwarudishia wenyewe ilitungwa mwaka 1982, na urejeshaji mkubwa ulifanyika baadaye, vita vilivyofuata kuanguka kwa Amin vilipotulia.

Kwenye karatasi, agizo la mwaka 1975 liliwagusa wakulima zaidi. Amin alitangaza ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma. Aliyekalia ardhi kwa mila aliruhusiwa kuihamishia kwa mwingine, lakini mnunuzi alipata tu maendeleo yaliyofanywa juu ya ardhi, yaani nyumba, mimea na miti. Udongo wenyewe ulibaki wa serikali. Lakini vijijini wengi hawakulisikia agizo hilo, wakaendelea kama zamani.

Hati zilikuwa hazijafika vita vilipofika. Amin alipoanguka Aprili 1979, watu wa Nile Magharibi walianza kukimbia, na jeshi jipya liliposhambulia mwishoni mwa 1980 sehemu kubwa ya wakazi walivuka kwenda Zaire (Kongo ya sasa) na Sudan. Mwezi Juni 1981 raia waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Familia nyingi zilikaa uhamishoni miaka mitano au zaidi.

Ardhi ya mila huhifadhiwa katika kumbukumbu za watu, si katika kabati la ofisi. Mzee ndiye aliyejua kwamba mpaka unapita kwenye mti fulani, na jirani ndiye aliyekuwa shahidi wake. Watu waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mti ulikuwa umekatwa, msitu umefunika uwanja, mzee amezikwa uhamishoni, Yei nchini Sudan au Aru nchini Zaire, na jirani hajarudi. Wengine walikuta shamba lao likilimwa na mtu aliyetangulia kurudi. Ninaamini migogoro mingi inayofika leo mbele ya wazee na mahakama ina mizizi katika miaka hii, ingawa wanaoshtakiana ni wajukuu.

Wakati huohuo mji ulikuwa unapata fedha. Mpaka uliowaficha wakimbizi ukawa njia ya biashara: mafuta, sigara, kahawa na dhahabu vilipita kati ya Arua, Ariwara ya Zaire na Sudan, na vijana waliouza mafuta kwa madumu barabarani wakajulikana kwa jina la OPEC. Faida ya biashara hii ilitafuta mahali pa kukaa, ikakaa kwenye majengo. Mfanyabiashara wa Arua alihitaji kiwanja, na ukoo uliorudi mikono mitupu ulihitaji ada za shule na mabati.

Sheria ilifuata. Katiba ya 1995 ilisema ardhi ni ya wananchi wa Uganda, na kwa mara ya kwanza ikaitaja miliki ya mila sambamba na mailo, miliki huru na ukodishaji. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliwezesha mwenye ardhi ya mila kuomba cheti cha miliki, na ikakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mume au mke. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kamati, wapimaji na ada vilikuwa mbali na mkulima, naye aliendelea kuuza kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye karatasi ya kawaida, ukasainiwa na mashahidi na kugongwa mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwanamke aliyeolewa kwa mila bila cheti cha ndoa aliweza kuikuta ridhaa yake imerukwa.

Bei zilipanda kwa kasi baada ya 2005. Januari ya mwaka huo vita vya Sudan vilimalizwa kwa mkataba, na Julai Koboko ikawa wilaya. Malori yalipanga foleni kuelekea mpaka wa Oraba na mji wa Juba ng'ambo yake, kisha lami ikafika kutoka Vurra kupitia Arua hadi mpakani. Wengine husema wakimbizi na mashirika ya misaada ndio waliopandisha bei. Mwaka 2016 kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilipokea zaidi ya watu 270,000 katika miezi michache, na ofisi nyingi za mashirika zikatafuta nyumba Arua. Lakini tukifuata tarehe, ongezeko lilikuwa limeshaanza na biashara ya Juba. Wimbi la 2016 lilisukuma zaidi kodi za nyumba kuliko mauziano ya ardhi. Hata ardhi ya makazi ya wakimbizi ilitolewa na koo za wenyeji ili itumike, na mkimbizi hana haki ya kuiuza.

Koboko ina ugumu wake. Wakakwa wanaishi katika nchi tatu, na mnunuzi kutoka Yei anaweza kuwa wa ukoo mmoja na muuzaji. Wazee humwona ndugu. Sheria humwona mgeni, ambaye anaweza tu kukodisha, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kishawishi cha kununua kwa jina la binamu mwenye kitambulisho cha Uganda ni kikubwa, na siku binamu akifa, watoto wake wanabaki na karatasi huku mwingine akiwa na nyumba.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikawa jiji, na vijiji vya Ayivu vikajikuta ndani yake. Shamba la muhogo likawa viwanja katika msimu mmoja, mara nyingine kwa uamuzi wa vijana wawili ambao wazee hawakuwatuma. Mnunuzi naye huridhika na mhuri, bila kuuliza makaburi yaliyo nyuma ya nyumba ni ya nani.

Ofisi ya ardhi ya kanda sasa ipo Arua, na hati inaweza kushughulikiwa bila safari ya Kampala. Hata hivyo, hati huandika kile mashahidi wanachosema, na mashahidi wa mipaka ya kabla ya vita wanapungua. Aliyekuwa na miaka 20 alipokimbia mwaka 1979 sasa amevuka 65. Koo za Arua na Koboko, pamoja na halmashauri zao, ziwatembeze wazee hawa mashambani mbele ya majirani wote na kuandika wanachokionyesha, kabla ya kiwanja kingine kuuzwa.