Somo Lenye Majina Mengi: Historia ya Mahali katika Ufundishaji wa Maarifa ya Jamii, Shule za Msingi za Umma za Njombe na Makambako, 1961–2024

Kata ya Yakobi, iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, inaendeleza jina la kituo cha Misheni ya Berlin kilichoshambuliwa mwezi Septemba 1905 na wapiganaji wa Kibena waliokuwa chini ya mtwa Mbeyela. Shambulio hilo lilizimwa. Baadaye majeshi ya Kijerumani yalichoma vyakula na makazi katika nyanda za kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi; Gilbert Gwassa alikadiria kwamba Vita vya Majimaji kwa jumla viligharimu maisha ya watu kati ya 250,000 na 300,000. Tukio la Yakobi si siri ya wataalamu. Limejadiliwa katika historia ya Tanganyika ya John Iliffe (1979), na nafasi ya maeneo kama hayo imechunguzwa upya katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson (2010). Hata hivyo, masimulizi ya vita hivyo yaliyozoeleka darasani huanzia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, hupitia Umatumbi na kuishia Ungoni. Mwanafunzi wa Njombe huyasoma kana kwamba vita vilipiganwa kwa jirani.

Sura hii inachunguza jinsi hali hiyo ilivyojengeka. Hoja yake ni kwamba marekebisho ya mtaala yaliyofuatana tangu uhuru yaligusa zaidi majina ya somo na mipaka yake, ilhali swali la msingi, yaani maarifa ya jamii yatoke wapi, halikuguswa kwa kiwango hichohicho. Njombe na Makambako zimeteuliwa kwa sababu ziko karibu, kama kilomita 60 kwa barabara, lakini zina historia zisizofanana. Njombe ni mji wa boma, misheni na mashamba ya miwati. Makambako imekua pale ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapohapo.

Wakati wa uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya elimu ya msingi katika nyanda hizi ilikuwa mikononi mwa misheni, hasa za Kilutheri na Kikatoliki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizopata ruzuku chini ya uendeshaji wa serikali, na kwa hatua hiyo dhana ya shule ya msingi ya umma ikapata maana inayojulikana leo. Miaka miwili kabla yake, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Historia na Jiografia zilibaki kwenye ratiba, lakini zikaandamana na somo la Siasa, lililobeba mafundisho ya chama, Azimio la Arusha na ujamaa. Ni rahisi kulibeza somo hilo leo. Ikumbukwe, lakini, kwamba lilikuwa somo la kwanza lililomtaka mwalimu aoneshe uhusiano kati ya kijiji alichokaa na sera ya taifa, hata kama jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyofikia kilele mwaka 1977. Idadi ya wanafunzi iliongezeka ghafla, na nchi ikawategemea walimu vijana waliomaliza darasa la saba na kujifunza ualimu huku wakifundisha. Athari yake katika masomo ya jamii haikuwa ndogo. Mwalimu mwenye mafunzo mafupi na darasa kubwa hushikilia kitabu, na pale kitabu kinapokosekana, ubao. Desturi ya kunakili muhtasari wa mada kutoka ubaoni, ambayo wakaguzi wa vizazi vilivyofuata waliilalamikia, ina mizizi katika uhaba huo. Kuieleza kama uvivu wa walimu ni kuwaonea.

Kuanza kwa mfumo wa vyama vingi tarehe 1 Julai 1992 kuliondoa uhalali wa somo la Siasa, na Uraia ukashika nafasi yake. Katika mapitio ya miaka ya 1990, Historia, Jiografia na Uraia ziliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa mwaka 2005 ukazitenganisha tena. Hapa pana jambo ambalo mtafiti hapaswi kulipita haraka: somo lilitenganishwa kwenye ratiba, lakini katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi karatasi iliendelea kuwa moja, na jina lake likabaki Maarifa ya Jamii. Mwalimu aliandaa maandalio matatu ya somo, akafundisha vipindi vya aina tatu, na mwisho mwanafunzi wake akapimwa kwa karatasi moja. Kuanzia mwaka 2012 karatasi hiyo ilisahihishwa kwa mashine, mwanafunzi akiweka kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu. Mtaala wa 2005 ulizungumzia umahiri. Chombo cha upimaji kilipima utambuzi wa jibu moja sahihi miongoni mwa machache. Swali la namna hiyo haliwezi kuuliza kilichotokea Yakobi, kwa kuwa ni lazima liwe na haki sawa kwa mtoto wa Njombe na wa Kigoma. Usawa huo ni halali kabisa. Gharama yake ni kwamba kila kilicho cha mahali pamoja kinakuwa nje ya mtihani, na katika darasa la saba kilicho nje ya mtihani hakina kipindi.

Suala la vitabu lilielekea upande huohuo. Baada ya mjadala mkali bungeni juu ya ubora wa vitabu, mfumo wa kuidhinisha vitabu vya wachapishaji mbalimbali ulifikia mwisho mwaka 2013, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikapewa jukumu la kuandaa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo. Makosa yalipungua na bei ikadhibitiwa. Lakini kitabu kimoja cha nchi nzima hakina nafasi ya mikoa yote, na kwa hiyo mahali pakabaki jukumu la mwalimu peke yake.

Mihtasari yenyewe haikukusudia hivyo. Kanuni yake ya muda mrefu ni kutoka karibu kwenda mbali: familia, shule, kijiji au mtaa, wilaya, mkoa, taifa, kisha dunia. Kanuni hiyo ni nzuri, ila ina mitego, na Njombe inaionesha vizuri. Hadi mwaka 2012 Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Mada ya mkoa wetu ilimpeleka mtoto Kalenga na Lugalo, kwa Mkwawa aliyekishinda kikosi cha Zelewski mwezi Agosti 1891. Ushujaa huo ni wa kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Munyigumba, baba yake Mkwawa, alijenga dola ya Uhehe kwa kupigana na majirani zake, Wasangu na Wabena wakiwamo. Shujaa wa mkoa alikuwa, kwa baadhi ya koo za Ubena, mwana wa mvamizi. Mkoa mpya wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, ramani ya mada ilibadilika kwa amri ya kiutawala. Walimu waliokuwa na Mkwawa tayari mkononi walipaswa kutafuta historia nyingine, na hakuna kitabu kilichowapa.

Mada ya familia ina ugumu wa aina nyingine. Giblin (2005), akitumia simulizi za wakazi wa Njombe, alionesha jinsi watu waliojiona wameachwa nje na dola walivyoifanya familia kuwa kimbilio lao. Familia hiyo haikuwa ya watu wanaoishi chini ya paa moja. Tangu enzi ya ukoloni wanaume wa Ubena walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na baada ya 1944 wengi waliajiriwa kupitia SILABU. Wanawake wakabaki na mashamba, watoto na madeni. Katika kizazi cha karibuni limeongezeka pigo la UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na ule wa 2016–17 ukatoa asilimia 11.4 kwa watu wazima. Mchoro wa baba, mama na watoto wawili unapochorwa ubaoni katika mkoa wa namna hii, bibi anayelea wajukuu hana mstari wake. Mwalimu mwenye busara atauongeza. Muhtasari haumkatazi, lakini haumwoneshi pia jinsi ya kuanza, na jambo hili ni zito mno kuachiwa busara tu.

Kwa Makambako, historia ya mahali ni ya karibu zaidi na haina majeraha kiasi hicho. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, ukafika Tunduma mwaka 1973, na reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Kwa kituo hicho mwalimu anaweza kufundisha ukombozi wa Kusini mwa Afrika, uhusiano na China, mwinuko wa ardhi, biashara ya mahindi na viazi, na ukuaji wa mji, bila kununua kifaa chochote. Monson (2009) amekwisha kuonesha kwamba wakazi wa kandokando ya reli wana masimulizi yao kuhusu ujenzi huo, yasiyofanana kila mara na ya serikali.

Basi kwa nini Yakobi ni ngumu kufundishika kuliko reli? Sababu moja ni mtihani, kama ilivyoelezwa. Nyingine ni kwamba historia ya Ubena katika 1905 haimgawi mtu kwa urahisi kati ya shujaa na msaliti. Ndani ya kituo kilichozingirwa walikuwamo Waafrika pia, na Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikuwa upande wa Wajerumani. Wajukuu wa pande zote huketi dawati moja. Masimulizi ya kitaifa yaliyojengwa juu ya umoja dhidi ya mkoloni hayana lugha ya kueleza hilo, na mwalimu anayeishi kijijini hapo ana sababu nzuri za kunyamaza.

Mfano wa kulifanya kwa uangalifu upo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikusanya simulizi za Majimaji kutoka kwa wazee, na wazee hao walizungumza hata juu ya migawanyiko yao. Walikuwa wanafunzi wa shahada, si watoto wa darasa la tano, na tofauti hiyo isipuuzwe. Lakini njia yenyewe, ya kumwendea mzee, kumsikiliza na kulinganisha maneno yake na ya mwingine, haihitaji maabara.

Mtaala wa 2015 ulikuwa umeurudisha mseto wa Historia na Jiografia chini ya jina la Maarifa ya Jamii na kuuweka Uraia pamoja na Maadili. Mtaala wa 2023 umetenganisha tena: tangu Januari 2024 wanafunzi wa darasa la tatu wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Jiografia na Mazingira, nao watahitimu darasa la sita mwaka 2027. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipofanya kazi katika mahandaki ya juu ya Mlimba mwaka 1972 alitimiza miaka 72 mwaka ambao darasa hilo lilianza. Wa Yakobi hawapo tena. Simulizi zao zimo kwa wajukuu na vitukuu, na kila mwaka wa shule unaopita hupunguza idadi ya wanaoweza kuulizwa.