Nguo Zenye Majina

Wapenzi wa ushairi wa pwani wanajua kuwa kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Jina ndilo linalotuvuta sisi watunzi: maneno machache yaliyopigwa chapa, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, yakasema lile ambalo kinywa kimelionea haya. Lakini kabla ya kanga kuenea mwishoni mwa karne ya 19, palikuwa na nguo nyingine zilizosifika kuwa ni zenye majina, na majina hayo hayakuandikwa popote juu ya kitambaa. Nilikumbushwa jambo hili mbali na bahari, katika mtaa wa Kitete, mjini Tabora.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton na John Speke waliiacha pwani mwezi Juni 1857, wakafika huko tarehe 7 Novemba, safari ya siku 134. Fedha ya njia ile ilikuwa nguo. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, na kaniki, iliyotiwa nili, zilinunua chakula cha kila siku. Mtemi aliyetaka hongo ya kupitisha msafara hakuridhika na hizo peke yake. Alitaka debwani, sahari, barsati au diuli. Hizo ndizo nguo zenye majina. Nyingine zilikuwa za pamba tupu, nyingine zilichanganywa na hariri, na mchanganyiko huo ulimfaa pia mwanamume Mwislamu, ambaye hariri safi hakuruhusiwa kuivaa.

Nguo zilikunjwa na kukazwa kwa kamba hata zikawa mfano wa mto mrefu. Mzigo huo uliitwa mtumba. Uzito wake ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, nao ulikaa begani mwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi. Ukivisoma vitabu vya wasafiri wa wakati ule, utaona kila kitambaa kimetajwa kwa jina, bei na mahali kilikotoka. Wapagazi, kwa sehemu kubwa, wamehesabiwa tu.

Kitete nilipokewa na bi mkubwa mmoja ambaye bibi yake aliolewa na mpagazi. Nilipomwamkia aliniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akafungua kasha. Alitoa shuka ya hariri yenye maua ya chapa, nyekundu iliyokwisha kufifia, nyepesi kama pumzi. Alinieleza namna inavyotunzwa. Tangu airithi ameifua mara mbili tu, kwa maji baridi, bila kuikamua. Ameianika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, maana jua hula rangi. Huvaliwa juu ya kanga, ili jasho lisiifikie. Mvaaji hujipaka manukato kwanza, akangoja yakauke, ndipo akaifunga, kwa kuwa mafuta huacha doa lisilotoka. Na kila mwaka huikunjua na kuikunja upya kwa mistari mingine, kwani hariri hukatikia pale inapokunjwa siku zote.

Hata hivyo, ilikuwa imeanza kukatika. Mwezi uliofuata mjukuu wake alikuwa anaolewa, na bi mkubwa alikusudia kumvika shuka ile. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba huenda isistahimili ngoma. Laiti ingewekwa penye usalama, watu waitazame! Akacheka. "Babu aliibeba ili ivaliwe," alisema. "Alikwisha kubeba mingi ya watu wengine ya kuuzwa."

Nilimwuliza jina la kitambaa. Alifikiri, akasema amelisahau. Labda bibi yake alilijua. Kisha, bila ya kuulizwa, alinitajia jina la yule mpagazi, na la baba yake, na la babu wa baba yake. Sitayaandika hapa, kwa kuwa ni mali ya nyumba ile. Lakini nilitambua kuwa kasha hili lilikuwa limehifadhi kinyume cha yale niliyokuwa nikiyasoma kwa miaka mingi. Vitabuni jina la nguo limebaki, la mbebaji limepotea. Kitete jina la nguo limepotea, la mbebaji limebaki.

Lugha yetu nayo ina kasha lake. Hongo, iliyokuwa ushuru wa njia, leo ni rushwa. Mtumba, uliokuwa mzigo wa nguo mpya begani mwa mtu, leo ni nguo kuukuu sokoni. Doti imebaki, na kila anunuaye kanga huitamka. Basi tuitamkapo tumkumbuke na yule aliyeileta kwa miguu. Ama shuka ile, sijui kama ilirudi kasha­ni salama baada ya harusi. Najua tu kwamba ilikwenda kuvaliwa.